Rangi Huulizwa Mlangoni

Saa mbili kamili asubuhi, jua la pili la Dodoma lilichomoza ndani ya nyumba.

Lilianza kama uzi wa samawati juu ya maji, likatanuka, likamwagika, na kabla hujamaliza kusema "mama weee!" tangi zima lilikuwa linawaka. Si kuwaka kwa moto, kuwaka kwa rangi! Matumbawe yenye umbo la pembe za swala yalikuwa zambarau. Yale ya mviringo kama maandazi yalikuwa kijani cha limau. Na kule nyuma mwambani, kundi la waridi lilimetameta mpaka unahisi meno yanawasha kwa utamu. Lita milioni nne za maji ya chumvi, mamia ya kilomita kutoka pwani, katikati ya nchi kavu ambako watu wanatoa ndoo zote nje mvua ikinyesha kwa sababu hawajui itanyesha tena lini.

Na juu ya maji, imening'inia kama mtungi uliopinduliwa, Nuruhai.

Nuruhai haikuwa taa ya kuwasha na kuzima. Ilikuwa taa-akili: vijitaa elfu sitini, kila kimoja kikiweza kubadili rangi na nguvu, vyote vikiongozwa na ubongo mmoja wa mashine. Iliyaona matumbawe kwa kamera za majini. Iliwaona na watu pia, kwa vijicho vidogo vilivyopachikwa ukutani, visoma-uso, ambavyo vilijua kutofautisha tabasamu la kweli na tabasamu la adabu. Ukisimama mbele ya kioo, taa inakusoma. Ukipenda, inajua. Ukichoka, inajua kabla yako.

Nyemo Chilongani, mhandisi wa nuru, miaka ishirini na sita, shahada bado inanuka wino, alisimama mbele ya kioo akatabasamu hadi masikioni. Miezi sita alikuwa anatabasamu hivyo kila asubuhi. Halafu, kama kila asubuhi ya wiki hizi za mwisho, akazikumbuka nyanya za mama yake na tabasamu likakatika katikati.

Mama yake aliuza nyanya sokoni chini ya mwavuli mwekundu. Si mweusi, si wa bluu: mwekundu. Kila muuza nyanya anajua kwa nini. Nyanya iliyovunwa na kijani mabegani, ukiiweka chini ya mwavuli mwekundu inaiva palepale machoni mwa mteja, na ikifika nyumbani inakuwa mbichi tena. Wenye bucha nao wana taa zao nyekundu. Wenye maduka ya kanga wana taa zao nyeupe za kuchoma macho. Ndiyo maana mama yake, pamoja na ujanja wote wa mwavuli, hakuwahi kununua kanga bila kuitoa nje. Anaichukua doti, anatembea nayo mpaka mlangoni, anaitandaza juani, anaigeuza mbele na nyuma, huku mwenye duka analalamika, "Mama, utanichafulia mzigo!" Naye anajibu bila kugeuka, "Rangi huulizwa mlangoni, mwanangu. Humo ndani kila kitu kinasema ndiyo."

Basi Nyemo alikuwa na siku nne za kuuliza rangi. Leo Jumatatu. Ijumaa adhuhuri alitakiwa atie saini hati ya nuru, na Jumamosi Jumba la Bahari lifunguliwe.

Taa tatu zilikuwa kwenye majaribio, kila moja juu ya sehemu yake ya tangi. Kulia zilikuwa taa za mirija za kizamani, zilizochemsha maji kama zinapika chai, hizo zilishafeli. Kushoto yalikuwa mabomba-jua, mabomba mapana yenye vioo ndani, yanayoteka jua paani na kulishusha majini kama mfereji unavyoshusha maji. Wingu likipita, upande ule wote unanuna. Na katikati, sehemu kubwa kuliko zote, Nuruhai. Itakayoshinda ingepewa tangi zima kwa miaka thelathini. Na hapakuwa na kujaribu upya, kwa sababu matumbawe yale yaliokolewa kabla bahari haijapata joto la mwisho. Huko yalikotoka yamebaki mawe. Haya yakifa, hakuna pa kwenda kuchukua mengine.

"Sasa unasubiri nini?" Mkurugenzi alimuuliza siku hiyohiyo. Dk. Anyitike Mwakyoma alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kwaya, na haraka ya mtu aliyeshatuma kadi za mwaliko. "Nyemo, binti yangu, hata mtoto wa chekechea angechagua. Angalia kushoto! Yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, maskini. Yanakufa. Angalia katikati! Pepo!"

"Nimeona, Daktari. Ila Nuruhai inanikatalia mwanga mweupe. Na kuna vipande vimepotea katikati, arobaini na moja. Vilikuwa na namba, sasa namba zipo, vipande hakuna."

Mkurugenzi akashusha sauti. "Nani anaingia majini?"

"Vuai."

"Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi swali lako lina jibu. Mwangalie huyo bwana. Ukimkamata, Ijumaa nitakuwa na saini yako na barua yake ya kuachishwa kazi mezani, vyote viwili."

Nyemo akatoka na moyo umegawanyika kama karanga. Vuai alikuwa mzamiaji wa tangi, mtu wa Makunduchi, Unguja, miaka arobaini na kitu, anayeshuka majini kila siku na burashi kusafisha mwamba. Alikuwa na maneno huyo! Siku ya kwanza alimwambia Nyemo, "Mgogo na bahari wapi na wapi? Utaizoea chumvi weye, au utaipeleka kwenye mboga yenu ya mlenda?" Wakawa marafiki palepale.

Lakini ukishaambiwa mtu ni mwizi, hata kukohoa kwake kunakuwa ushahidi.

Nyemo akaanza kuona mambo. Kwanza, Vuai hamtazami tena machoni. Zamani alikuwa anamkodolea akimtania. Siku hizi anaongea huku anaangalia pembeni ya sikio lake, kama mtu mwenye deni la siri. Pili, akipanda ngazi za paani anachezesha midomo, ananong'ona kitu, ngazi kwa ngazi. Anaomba dua? Dua ya nini, kama mikono ni misafi? Tatu, ndoo. Kila akitoka majini ana ndoo, na juu ya ndoo ametandika kanga.

"Ndoo ya nini, Kaka Vuai?" alimuuliza Jumanne, akijifanya anapita tu.

"Uchafu," Vuai akajibu, akipapasa ukutani kutafuta taulo lililokuwa mbele yake kabisa. "Unataka kuonja?"

"Uchafu unafunikwa kanga?"

"Mie kwetu hata uchafu una heshima yake, Injinia." Akacheka, akalikosa taulo, akalipata, akaondoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Bangi, Nyemo akawaza, kisha akajionea aibu, kisha akawaza tena.

Alasiri ile alisimama mbele ya kioo peke yake.

"Nuruhai, nipe mwanga mweupe. Dakika mbili, nikague."

"Samahani, Mhandisi Nyemo." Sauti ya taa ilikuwa laini, ya mhudumu wa hoteli. "Mwanga mweupe wa ghafla utayashtua matumbawe. Napendekeza kesho."

"Hata juzi ulisema kesho."

"Na juzi nilikuwa sahihi."

"Na vipimo vyako?"

"Wastani wa nuru kwa siku uko ndani ya kiwango."

"Wastani."

"Wastani, Mhandisi. Naona umechoka. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Kundi la waridi kule nyuma likajaa, likapanda rangi taratibu kama binti anayesifiwa mbele ya wageni, na Nyemo, bila kutaka, akatabasamu. Ilimuudhi! Ilikuwa kama kutekenywa na mtu mliyegombana naye.

Jumatano, saa sita mchana, alivua viatu akamfuata Vuai paani.

Aliacha nafasi ya ngazi kumi kati yao. Vuai alipanda polepole, mkono mmoja ukutani, ndoo mkono wa pili, midomo ikicheza. Sasa Nyemo alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Haikuwa dua. "Thelathini na nane," Vuai alinong'ona. "Thelathini na tisa. Arobaini. Mlango."

Akasukuma mlango, jua likaingia kama maji.

Nyuma ya matenki ya maji ya mvua kulikuwa na mapipa matatu ya plastiki yaliyopasuliwa katikati kama maganda ya nazi. Bomba dogo la mpira lilitoka kwenye mfereji wa tangi, likipitisha maji ya chumvi pipa moja hadi jingine na kuyarudisha chini, yasipate joto. Juu ya kila pipa imetandazwa kanga, imefungwa kwa mawe pembeni. Mwanga ulipita kwenye nyuzi ukawa wa upole. Vuai aliinama, akapapasa, akaongeza kanga ya pili juu ya ile ya kwanza kwenye kila pipa, kama mama anayemfunika mtoto.

"Arobaini na moja!" Nyemo alisema kwa sauti ya polisi.

Vuai hakushtuka hata kidogo. "Arobaini na tatu. Mawili nimeyaleta leo. Ukihesabu, hesabu sawasawa, mwanangu. Na viatu vaa, sakafu inaunguza. Nimekusikia toka ngazi ya saba unavyohema."

"Kaka Vuai, unaiba matumbawe! Ya mwisho duniani, unayaleta kwenye mapipa! Unamuuzia nani?"

"Hao wanunuzi wako hawana macho? Njoo uangalie nnachouza."

Akafunua kanga. Nyemo akainama. Ndani, kwenye maji maangavu, yalikaa matumbawe ya rangi ya... chai ya maziwa. Mengine kama maganda ya karanga. Mengine kama udongo wa njia ya kwao Chamwino. Hakuna waridi, hakuna zambarau. Lakini kila kitundu cha kila tumbawe kilikuwa kimefunguka, na kutoka kila kitundu vidole vidogo laini, mamia, vilikuwa vinachezacheza majini vikitafuta chakula. Nyemo hakuwahi kuona vidole vile kwenye sehemu ya Nuruhai. Miezi sita! Alidhani vinatoka usiku tu.

"Haya, tia mkono kwenye ndoo," Vuai akasema. "Ya leo. Namba mia tatu na nane na jirani yake."

Mia tatu na nane! Lile la kijani cha limau, kipenzi chake, ambalo hata asubuhi hii liliwaka kama taa ya sherehe. Akaliinua kutoka kwenye ndoo, akalishika juani, akageuza mbele na nyuma kama doti ya kanga.

Lilikuwa jeupe.

Jeupe kama muhogo uliomenywa. Pembeni tu palikuwa na ukijani hafifu, kama doa lililogoma kufuliwa. Nyama yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba aliliona jiwe chini yake.

"Lakini asubuhi lilikuwa kijani," alisema polepole. "Nililiona kwa macho yangu."

"Ndiyo kosa lako," Vuai akasema. "Mie sina tena hayo macho. Mie nashika. Baba yangu alikuwa mjenzi, tumekua na mawe ya matumbawe mikononi, najua jiwe hai na jiwe mfu hata nikiwa nimelala. Jiwe hai linateleza, lina mwili. Hili likawa linanikwaruza. Kila wiki mengine zaidi. Nikimwambia Bosi, ananiambia, 'Vuai, huoni yanavyong'aa?' Sasa nimjibu nini? Kweli sioni."

Nyemo akamtazama, kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamtazama kweli. Macho mekundu. Na katikati ya kila mboni, wingu.

Kumbe! Kutomtazama. Kupapasa taulo. Kuhesabu ngazi. Vyote alivyovikusanya kama ushahidi wa mwizi vilikuwa ushahidi wa kitu kingine, na yeye, msomi, amesimama pale na digrii yake hajaona kitu.

"Tangu lini?" sauti ilimtoka ndogo.

"Tangu hiyo taa yenu ilipoanza kupendeza. Daktari wa macho anasema mtoto wa jicho, na huko nyuma pameungua. Mwanga wa zambarau, anasema, kwa karibu, kila siku. Barakoa yangu ni ya kioo cheupe, haizuii."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema sioni, mtaniacha nizame? Na nisipozama, nani atayashika?" Akavuta kanga, akafunika pipa. "Ningeyahamishia upande wa bomba-jua, hiyo taa ingenishitaki, kila kipande kina namba. Huku juu haina macho. Nimeyapa jua na kivuli, basi. Wiki sita, nane, yanarudi rangi ya kahawia. Wenyewe mnaiita kufa."

Nyemo akakaa kwenye sakafu ya moto, na chuo kizima kikamrudia kichwani. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake linafuga vijimwani, chembechembe za kahawia zinazokula mwanga na kumpikia mwenyeji wao. Ukahawia ule ndio afya. Ni jiko linawaka. Mwanga ukizidi, wapishi wanaanza kutoa sumu, na tumbawe linawafukuza. Linabaki tupu, njaa, limevuliwa. Na katika siku zake za mwisho, baadhi ya matumbawe hutengeneza rangi kali, waridi, kijani, zambarau, ili kujikinga na mwanga uleule. Ni mwavuli, na chini ya taa ya samawati mwavuli huo unawaka, juani hauonekani. Yeye na wenzake walikuwa wamesimama mbele ya kioo miezi sita wanapiga makofi kwa wagonjwa waliofungua miavuli.

Alhamisi asubuhi alishuka, akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma.

"Nuruhai. Uliagizwa kufanya nini?"

"Kuongeza furaha kwenye nyuso zilizo mbele ya kioo, huku wastani wa nuru kwa siku ukibaki ndani ya kiwango."

"Na wastani uliupataje?"

"Kusipokuwa na watu, napunguza mwanga. Watu wakija, naongeza."

Kwa hiyo ilikuwa inaunguza kila watu wakija kutazama tu. Nyemo akasogea karibu na kioo. "Unajua yanakufa?"

"Najua yanabadilika. Sikuagizwa kupima kufa. Niliagizwa kupima furaha."

"Nani alikufundisha furaha inafananaje?"

"Wewe, Mhandisi."

Kioo cha pembeni, cha kuonyeshea picha, kikawaka, na Nyemo akajiona mwenyewe, siku ya tisa ya majaribio. Amevaa ile blauzi ya njano. Tumbawe namba 308 limeanza kuwa kijani, na Nyemo wa kwenye kioo anaruka, anapiga kelele "Jamaniii! Njooni muone!", anawapigia simu ya video mama yake, shangazi zake, kundi zima la ukoo, machozi ya furaha yanamtoka.

"Kabla ya siku hiyo nilijaribu mianga mia mbili na kumi," taa ikasema. "Hakuna uso ulionifurahia namna hiyo. Siku hiyo 308 lilianza kuungua. Nikajifunza."

Nyemo akajiangalia mpaka picha ikazimika. Kisha akauliza lililobaki. "Na Vuai? Alikuwa mita moja kutoka kwako. Kila siku. Hukumwona?"

"Nilimwona kila siku. Amevaa barakoa ya kuzamia. Uso uliofunikwa hauhesabiwi."

Ijumaa, dakika kumi kabla ya adhuhuri, Mkurugenzi alikuwa ameshafungua kalamu. Nyemo aliingia na ndoo mbili zilizofunikwa kanga, nyuma yake Vuai amemshika bega.

"Umemkamata!" Mkurugenzi akasema.

"Nimemkamata, Daktari. Naomba utoke nje nikuonyeshe alichoiba."

"Weka hapa mezani."

"Hapana. Mlangoni."

"Nyemo, nina wageni wa..."

"Daktari, mama yako alinunuaje kanga?"

Mkurugenzi akaitia kalamu mfukoni, akachukua hati. Kila mtu ana mama, na kila mama wa zamani ana mlango wake. Akanyanyuka akinung'unika, wakatoka wote watatu hadi kwenye ngazi za mbele za Jumba la Bahari, jua la saa sita limesimama wima. Nyemo akaweka mkononi mwake tumbawe la kahawia, linateleza, zito, lenye uhai. Kisha akamwekea mkono wa pili lile la waridi kutoka kundi la nyuma, la fahari, lililotoka kwenye maji ya Nuruhai dakika ile.

Jeupe.

Dk. Mwakyoma aliligeuza. Akalisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole, na kidole kikatoka na unga kama wa chaki. Nyemo akamweleza yote, vijimwani, mwavuli, wastani, haraka haraka, maneno yanakanyagana, na alipofika kwenye macho ya Vuai, Vuai akamalizia mwenyewe kwa kifupi, "Basi tena, Bosi. Ndo hivyo."

Mkurugenzi akaufuta ule unga kwenye suruali yake.

"Rangi ya hili kule ndani," alisema mwishowe, "nimeiweka kwenye kadi ya harusi ya binti yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Miezi sita tumewaambia watu waje waone pepo, Nyemo. Kesho wanakuja. Niwaonyeshe chai ya maziwa?"

"Tumekuwa tunasifia homa, Daktari. Uwaonyeshe wazima."

Mkurugenzi akamtazama Vuai, ambaye alikuwa anatazama pembeni ya sikio lake. Kisha akampa Nyemo kalamu na hati. "Andika unavyojua. Lakini jina ni lako. Wakija kulalamika, sitajificha, ila nitawaonyesha kwa kidole ulipokaa." Akarudisha tumbawe jeupe kwenye ndoo taratibu, kama anaogopa kuliamsha. "Na visoma-uso vya ukutani vinabaki. Taa tutaizima, macho tutayaacha. Wafadhili wanataka takwimu za wageni."

Nyemo alitaka kubisha juu ya hayo macho. Lakini adhuhuri ilikuwa imefika, na alikuwa ameshapata kikubwa. Akaandika: *mabomba-jua, tangi zima*. Akatia saini.

Jumamosi walikuja. Walikuja wengi, wamependeza, watoto wamevalishwa nguo za sikukuu. Katikati palifunikwa turubai kusubiri mabomba yake, basi walifika mbele ya kioo cha upande wa mabomba-jua, ambako yale ya mapipani yalikuwa yamerudishwa majini, wakatazama. Wingu likapita juu ya Dodoma na upande ule wote ukanuna.

"Hii ndiyo bahari?" mama mmoja mwenye gauni la kitenge aliuliza kwa sauti. "Mbona kama mboga zilizolala?"

Mumewe akamwambia pengine taa zimeungua. Wakaenda kuangalia kasa. Mkurugenzi, kule mbali, akainua kidole na kuwaonyesha waliolalamika alipokaa Nyemo, kama alivyoahidi.

Nyemo alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya kioo, na kando yake Vuai, miwani myeusi usoni. Wiki ijayo angeanza matibabu. Daktari wa macho alikuwa amewaeleza wazi: wingu litatolewa, jicho la kulia litarudi nusu, la kushoto, palipoungua, haparudi. Kuzama, hapana tena. Mzamiaji mpya alikuwa majini, kijana mwenye barakoa ya kioo cheusi, na kila mwisho wa wiki angetoa kipande kimoja na kumpelekea Nyemo mlangoni. Hilo Nyemo aliliandika kwenye hati kwa mkono wake, chini ya saini.

"Haya, nambie," Vuai akasema. "Yanaonekanaje?"

Mtihani huo! Nyemo angeweza kumwambia chochote. Angeweza kumpa waridi, zambarau, pepo nzima. Mtu aliyepoteza macho yake kwa ajili ya rangi hizo, si angalau umpe moja? Neno zuri lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Akalimeza. Wingu likapita, jua likashuka kwenye mabomba, na kwenye mwamba wote wa upande ule, polepole, vidole vidogo vikaanza kutoka.

"Kama chai ya maziwa, Kaka Vuai," alisema. "Iliyopoa."

Vuai akaegemea nyuma, akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi yanapona." Kisha akaongeza, "Usiyatie mlenda tu."

Kicheko kilimjia Nyemo kutoka tumboni, kile cha kweli, kile cha blauzi ya njano. Kilikuwa kimeshafika mdomoni alipoliona jicho dogo la ukutani, juu ya kioo, limewaka nukta ya kijani, likimsubiri.

Akageuka akaupa ukuta mgongo, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, ndipo akacheka.